Kabla Ndalahwa Hajasimama

Kasalamba, njia ya Kasanga
Alhamisi, 13 Juni 1996

Kaka yangu Flavian,

Shikamoo. Nakuamkia wewe, namwamkia na shemeji Kristiana, na wanao wote hapo Majengo nawasalimu mmoja mmoja kwa majina yao. Natumaini kile kifua kilichokusumbua tangu Pasaka kimepoa. Kama bado, acha kulala na dirisha wazi kwa sababu baridi ya mwezi huu unaijua, haina adabu kwa mtu wa umri wako. Sisi huku wazima, mafua tu ya hapa na pale. Mke wangu Adela anakusalimu, ingawa ukimuuliza mwenyewe atakwambia salamu hizo nimeziongeza mimi, maana tangu jana ananicheka zaidi kuliko anavyonisemesha.

Najua hiyo siyo habari unayoingoja. Unangoja habari ya baraza la kata, lile shauri alilofungua shemeji yetu Valeria kudai shamba la bondeni. Lilisikilizwa jana na limekwisha. Nitakueleza, lakini kwa mwendo wangu, nikianzia pale lilipoanzia. Nikikurusha hadi mwisho utaikunja karatasi hii na kuitia mfukoni kwa hasira, na mimi nataka uisome yote. Amos dereva wako anaondoka nayo mchana huu pamoja na mzigo wa mahindi. Nimemwomba asikwambie neno lolote mpaka umalize kusoma. Ameitikia, ila Amos namjua na wewe unamjua.

Kaka, habari hii ina mtu ndani yake, na mtu huyo nimemchoka. Ni yule Msukuma anayeitwa Ndalahwa, aliyehamia hapa na mkewe Kija na ng'ombe wao mwaka ule wa vyama vingi. Wewe ulimwona mara moja ulipokuja kununua maharage, ukasema ni mtu mwenye maneno. Ni kweli ana maneno. Zamani alikuwa mwalimu wa siasa kwenye shamba moja la mifugo la serikali, huko kwao. Shamba lilipouzwa, wafanyakazi waliambiwa warudi makwao, na yeye akabaki na ng'ombe wachache, redio moja na mdomo wake. Hasali. Wala usidhani ana dini ya mizimu, maana nilidhani hivyo na mimi, nikamuuliza. Alinijibu bila hata kukunja uso kwamba haamini Mungu, haamini mizimu, haamini mganga, na Chama alikuwa anakiamini ila chenyewe ndicho kilichoacha kujiamini. Nikamwambia basi wewe huna kitu. Akasema anacho, anaamini kwamba mtu ni mtu. Nilikwenda nyumbani nikamweleza Adela nikidhani tutacheka pamoja, na Adela akasema hilo siyo neno baya.

Hapo ndipo wivu wangu ulipoanzia. Nakuandikia neno lenyewe wazi ili usidhani nazunguka.

Unajua nafasi yangu hapa. Mimi siyo tajiri kama wewe. Soko lilipoachiwa huru na ushirika ukafa, wewe uliondoka ukapata lori. Mimi nilibaki, na ghala la ushirika likabaki na popo. Nilichonacho ni jumuiya ya Wakristo wa kigango hiki. Mimi ndiye mwenyekiti wake, ndiye ninayeitwa akiugua mtu, akifa mtu, watu wakigombana. Na kazi ambayo jumuiya yetu inasifiwa nayo mpaka parokiani ni kumlimia Valeria. Tangu mdogo wetu Stanley afariki, na wewe kama mkubwa ukalichukua shamba lake la bondeni kwamba unalitunza, mjane wake amebaki na kile kipande cha juu, kwenye mawe. Kila mwaka mvua zinapokaribia kwisha tunakwenda kumpigia ntumba. Wewe siku hizi unanunua mbolea ya mfuko, labda umesahau jinsi kazi ile inavyovunja mgongo: kukata majani, kuyakusanya, kuyafunika udongo kilima kwa kilima, ili yaoze humo ndani, upande maharage juu, na msimu wa pili uvisambaze vile vilima na kupanda mahindi au ulezi. Mimi ndiye ninayeongoza sala, mimi ndiye ninayepiga jembe la kwanza. Tukimaliza, Valeria anapiga magoti mbele yangu, anashika mkono wangu kwa mikono yake miwili na kusema Mungu anizidishie. Kaka, nilikuwa naingoja siku ile kuliko Krismasi.

Mwaka huu tulipiga ntumba kama kawaida mwezi wa pili. Kabla hajapanda maharage, Valeria akapata habari ya msiba wa shangazi yake Wampembe, akashuka ziwani kuzika. Nyuma yake Ndalahwa akapita pale. Valeria alikuwa amemuuguza Kija wakati wa homa, na Ndalahwa alitaka kurudisha fadhila. Akaona shamba limejaa vilima vya majani kama vichuguu, akadhani ni pori ambalo mama wa watu ameshindwa kulisafisha. Basi akaleta ng'ombe wake na plau, akalilima lote likawa tambarare kama uwanja wa mpira. Vile vilima vyote tulivyovifunika kwa jasho akavipasua, majani mabichi yakatapakaa juani. Kwao hawana ntumba. Akaenda nyumbani ameridhika, amefanya wema.

Valeria aliporudi alikaa chini kwenye mpaka wa shamba, na wanawake waliokuwa naye wakaanza kulia. Mimi nilikwenda nikaangalia. Nilitikisa kichwa kama inavyopasa mwenyekiti, nikasema maneno ya pole. Lakini ndani nilikuwa na furaha, kaka, furaha ya kweli. Nilijisemea moyoni, tazama sasa mtu wa mdomo, tazama haki ya mtu asiye na Mungu inavyofanana. Nilipanga kabisa Jumapili nimtaje mbele ya watu na kudai alipe.

Hakunipa nafasi. Jumapili ile alikuja mwenyewe. Hakuingia kanisani, alisimama nje mlangoni na kofia mkononi mpaka tulipomaliza sala. Tulipotoka akasema mbele ya kigango kizima kwamba amefanya ujinga, hakujua, na anaomba mtu amfundishe kupiga ntumba, atavirudisha vilima vyote kwa jembe la mkono hata kama itamchukua mwezi. Kwa Kiswahili chake kile kizito cha Kisukuma. Watu walicheka, lakini lilikuwa cheko la kumpenda.

Kesho yake akaanza, yeye na Kija, na Valeria akiwa juu yao kama msimamizi. Watu walikwenda kumtazama Msukuma akihangaika na majani, maana ilikuwa kichekesho, anafunika udongo upande mmoja majani yanachungulia upande wa pili. Waliokwenda kutazama wakaacha kutazama, wakashika majembe. Adela alikwenda, akarudi na matope mpaka magotini, akasema hajacheka hivyo tangu tuoane. Mimi sikwenda, nilisema kiuno kinaniuma. Nilikaa uani nikisikia nyimbo zao zinavuma kutoka kule juu, nyimbo zetu hizohizo za jumuiya, na roho iliniuma mpaka uji ukanishinda.

Sasa hapa ndipo palipozaa shauri. Mtu akipiga ntumba na mtu siku nyingi wanazungumza. Ndalahwa akashangaa ugumu wa ule udongo na mawe yake, akamuuliza Valeria kwa nini anahangaika na shamba la namna hii wakati mumewe alikuwa mkulima anayesifiwa. Valeria akamwonyesha bondeni kwa kidole, akasema shamba lake ni lile. Ndalahwa akamuuliza nani analilima. Valeria akasema shemeji zangu, na ndio haohao wanaokuja kunilimia huku. Alivyonisimulia Adela, Ndalahwa aliweka jembe chini, akasema hajawahi kusikia jambo kama hilo, na yeye amesikia mengi.

Akaja kwangu. Nilimpa kiti, nikamwambia Adela alete togwa, maana ubaya wa mtu hauondoi adabu ya nyumba. Akaniuliza kwa upole kama ni kweli. Nikamwambia haya ni mambo ya ukoo, na wewe Flavian ndiye mkubwa, na shamba liko mikononi salama, na mjane hajaachwa, jumuiya inamkumbuka kila mwaka. Nikamwambia sisi Wakristo tunajua wajibu wetu kwa wajane, tumefundishwa tangu utotoni, na yeye ambaye hana wa kumfundisha asije akatuonyesha. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema haoni ubaya katika kumlimia mtu, yeye mwenyewe amefundishwa kazi ile na anaipenda. Anachoshindwa kuelewa ni kwamba kama Valeria angekuwa na shamba lake, sisi tusingekuwa na mtu wa kumhurumia, na inaonekana hilo ndilo tunaloliogopa. Akanywa togwa akaimaliza, akashukuru, akaondoka. Mimi nilibaki pale na hasira, kwa sababu alikuwa amenigusa palepale.

Nilimngoja Padre Leonidas. Alipokuja kwa Misa ya mwezi nilimchukua pembeni nikamweleza yote, jinsi tulivyoingiliwa na mpagani anayewapotosha watu kwa maneno ya siasa za zamani. Nilitaka aseme jambo kwenye mahubiri. Padre akaniuliza swali moja tu, kama maneno ya mtu huyo kuhusu shamba ni ya kweli au ya uongo. Nikasema Padre, hilo siyo jambo lenyewe. Akasema hilo ndilo jambo lenyewe. Akaniambia Kanisa limefundisha siku zote kwamba kitu ambacho ni haki ya mtu huwezi kumpa kama sadaka, maana unampa cha kwake halafu unangoja akushukuru. Akasema mimi ninazo sababu mbili za kulijua hilo na Ndalahwa anayo moja: yeye anaamini mtu ni mtu, mimi ninaamini hivyo na pia kwamba mtu huyo ni sura ya Mungu. Basi ninayo kubwa zaidi na nimeitumia kidogo zaidi. Nilisema ndiyo Padre.

Ningevumilia kama yangeishia hapo. Lakini Padre akaomba nimpeleke kwa huyo Ndalahwa. Nikampeleka, nikiwa nimebeba mkoba wake wa Misa. Kaka, walikaa wale wawili mchana kutwa kama watu waliosoma darasa moja. Kija aliwaletea maziwa ya mgando. Walibishana kweli, usidhani walikubaliana. Padre alimwambia haki isiyo na Mungu itachoka njiani, itakuwa kama Chama chake, na Ndalahwa akamwambia haki inayomngoja Mungu inawachosha wanaonyang'anywa. Kila mmoja akimchoma mwenzake wanacheka, wanamiminiana maziwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye gogo na mkoba mapajani, na hakuna aliyeniuliza nina maoni gani. Miaka yote nimemhudumia padre yule, hajawahi kubishana na mimi hata siku moja.

Muda si mrefu tukasikia Valeria amekwenda katani na kufungua shauri. Alikwenda mwenyewe, kwa miguu, bila kumwambia mtu. Ndipo ulipomtuma Amos aniletee maneno yako: kwamba niseme barazani baba hakuwahi kumpa Stanley shamba la bondeni, alimwazima tu alime, na kwamba ukivuna salama mabati ya kigango chetu yatakuja na safari inayofuata. Amos aliniambia hayo palepale kanisani, anatazama juu nyasi zinavyovuja. Nikamwambia akujibu kwamba nimesikia. Na nilikuwa nimesikia, kaka. Sikuwa na nia ya kukugeuka. Nilijifunza maneno yale mpaka nikayaweza, nilikuwa nayasema peke yangu nikichunga mbuzi.

Na hapa nikwambie jambo ambalo hujawahi kulijua, kwa sababu bila hilo hutanielewa. Unakumbuka jinsi baba alivyotugawia mashamba. Kila mmoja kwa wakati wake alipelekwa shambani, baba akapiga naye ntumba ya kwanza, na hiyo ndiyo ilikuwa hati yetu. Wewe ulipewa lile la barabarani, ukaliuza baadaye. Mimi nikapewa la mgongoni mwa kilima. Stanley alipopewa la bondeni wewe ulikuwa umeondoka, ulikuwa Mbeya. Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyebeba majani, baba na Stanley wakafunika udongo. Baba alisema shamba hili ni lako, wewe na watoto wako. Nilisikia kwa masikio yangu. Na nilikaa na majani yale mikononi nikimwonea wivu kitinda mimba aliyepewa udongo mweusi wakati mimi nina changarawe. Alipokufa na wewe ukalichukua, nilimlilia mdogo wangu, lakini kuhusu shamba sikusema neno. Nilijiambia ni heshima kwa mkubwa. Ulikuwa wivu tu, ulionifunga mdomo miaka yote hiyo.

Basi jana. Watu walijaa mpaka nje ya ofisi ya kata. Wewe ulikuwa umebanwa na mzigo Tunduma, kwa hiyo upande wako nilikuwa mimi peke yangu, nimevaa lile koti ulilonipa. Mzee Adriano, mwenyekiti wa baraza, akamsikiliza Valeria. Hakusema mengi. Alisema mume wake alipewa shamba na baba yake, akalilima mpaka akafa, na anaomba arudishiwe kwa ajili ya watoto wake. Mzee Adriano akauliza ni nani anayejua habari ya shamba hilo. Wote wakanitazama mimi. Nikasafisha koo. Maneno yako yalikuwa tayari kabisa mdomoni, kaka, nakuapia.

Nikaona kule kwenye benchi la nyuma Ndalahwa anaweka kofia chini, anajiinua. Hakuwa shahidi wa kitu chochote, amefika hapa juzi tu. Sijui alitaka kusema nini. Labda alitaka kuomba tu wenye kujua waseme. Lakini wanawake walikuwa wameshaanza kunong'ona na kumgeukia, na niliziona nyuso zao, na Adela wangu akiwa katikati yao, zimekunjuka kama watu wanaosubiri mvua. Nikajua kinachokuja. Atasema yeye, na hata kama baraza litakataa, kijiji kitasema mpaka tunazeeka kwamba siku ile kwenye kikao kilichojaa Wakristo aliyesimama kwa ajili ya mjane alikuwa mtu asiye na Mungu. Na mimi nitakuwa nimekaa palepale na koti langu.

Nikasimama kabla yake. Nikasema shamba ni la Stanley. Nikasema baba alilitoa mbele yangu, nikaeleza ntumba ya kwanza na nani alibeba majani, na mpaka uko wapi kutoka mkuyu mpaka kijito. Niliyasema kwa sauti kubwa mpaka mimi mwenyewe nikashangaa. Mzee Adriano aliniuliza kama najua ninasema dhidi ya kaka yangu mwenyewe. Nikasema najua.

Hiyo ndiyo habari, kaka. Nimekugeuka. Na nisikudanganye kwamba ni Roho Mtakatifu aliyeninyanyua, wala dhamiri, wala mafundisho ya Padre. Nilisimama kwa sababu Ndalahwa alikuwa anasimama. Wivu ulionifunga mdomo zamani ndio uliokuja kuufungua. Nimeliungama hili kwa Adela, na ndilo analolicheka. Anasema kwa miaka yote aliyokaa na mimi ni mara ya kwanza wivu wangu unamfaa mtu.

Baraza limeamua mahindi yaliyomo ni yako, uvune, halafu shamba lirudi kwa Valeria kabla ya msimu mpya. Mipaka itaonyeshwa Jumamosi ya wiki ijayo.

Ndalahwa alinifuata nje. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yake yoyote. Akanishika mkono tu, akasema ameshukuru sana nimewahi, kwa sababu alikuwa amesimama bila kujua atasema nini. Halafu akaanza kumweleza kila mtu aliyepita kwamba mwenyekiti wa jumuiya ndiye aliyemaliza shauri. Hana wivu hata kidogo, mtu yule, na hilo nalo namwonea wivu.

Nikamngoja Valeria. Nilisimama pale nje ya ofisi, mahali pa wazi, watu wakiona. Nilijua atakuja, atapiga magoti kama kila mwaka, na safari hii magoti yale yangekuwa na sababu. Alitoka, akaja mpaka mbele yangu, akasimama. Hakupiga magoti, kaka. Alinitazama usoni, jambo ambalo sikumbuki kama amewahi kulifanya. Akaniambia shemeji, siku zote ulizonilimia nilikushukuru, na shukrani ile ilikuwa ya kweli, usidhani nilikuigizia. Lakini hili la leo ni langu, sijui nishukuru nini. Akaniuliza kama mbuzi wangu amezaa. Nikasema amezaa. Akasema vizuri, akaenda zake na wenzake, na sauti zao nikazisikia mpaka wanapita daraja.

Nilikasirika, kwa kweli nilikasirika. Nimekosana na kaka yangu, nimepoteza mabati, kigango kitavuja mwaka mwingine, na sikupata hata ahsante. Nilitembea mpaka nyumbani nikimnung'unikia. Ni leo asubuhi tu, nikikata karatasi hii nikuandikie, nilipojua alichonifanyia. Aliponisemesha jana na kuniuliza habari za mbuzi alikuwa anazungumza na mimi kama mtu anavyozungumza na jirani mwenye shamba lake kama yeye. Miaka yote hii hajawahi kuniuliza habari ya kitu changu chochote, alikuwa ananishukuru tu.

Sasa nakuomba kitu, na nakuomba kama mdogo wako, siyo kama mwenyekiti wa chochote. Jumamosi hiyo njoo mwenyewe. Wewe ndiye mkubwa wetu, mshike mkono shemeji yako, umtembeze kutoka mkuyu mpaka kijito, umwambie hapa ndipo pako. Ukinitukana njiani nitanyamaza. Mabati usilete kama hutaki, tumezoea kuvujiwa. Ila usimtume Amos, na usinitume mimi. Mkono ulioondoa ndio urudishe. Na kama hilo halikugusi, basi likuguse hili, maana mimi na wewe ni damu moja na nakujua ulivyo: usipokuja, Ndalahwa ameshasema atakuwepo tangu asubuhi, na watu watamwachia yeye atembee mbele.

Adela anasema nikukumbushe kumeza dawa ya kifua. Watoto wanamwamkia baba mkubwa na mama mkubwa. Mwambie shemeji Kristiana maharage yake aliyoagiza Amos anayo kwenye kiroba cha buluu, asikubali kuambiwa yamesahauliwa. Mungu akulinde barabarani, na hasira yako aipunguze kabla hujafika huku.

Ni mimi mdogo wako mtiifu, isipokuwa jana,

Baltazari